Mama Mkwe na Pazia la Shanga

Kwa miaka ishirini na mitatu watu walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa opereta wa simu katika jengo la ofisi za serikali, ghorofa ya chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya mtambo wenye vitufe arobaini na viwili. Ukipiga simu pale kumtafuta mhasibu au mhandisi, yeye ndiye uliyekutana naye kwanza. Wapigaji wengine aliwatambua kwa jinsi walivyovuta pumzi tu, kabla hawajasema neno. Wafanyakazi wenzake walimwita Sauti, na jina likamfuata hadi sokoni, hadi nyumbani, hadi mume wake mwenyewe akawa hana jina lingine la kumwitia.

Macho yalianza kumwacha akiwa na miaka arobaini na mitatu. Hakuingia gizani kwa mkupuo. Dunia ilianza kumpotea pembeni, kidogo kidogo, kama kitambaa kinachofumuka kingo. Akawa anajigonga kwenye fremu za milango. Akaweka kikombe ukingoni mwa meza akidhani amekiweka katikati, akakisikia kikipasuka sakafuni. Mume wake, mchomeleaji wa mageti na madirisha ya chuma, alimtania kwamba siku hizi anatembea kama mtu aliyetoka baa. Sauti alinunua miwani, akaibadilisha, akanunua nyingine. Alipofika kwa daktari wa macho, presha ya macho ilikuwa imeshafanya kazi yake.

"Haya matone yatalinda kilichobaki," daktari alimwambia. "Kilichokwisha kuondoka, mama, hakirudi. Sitaki nikudanganye."

Kilichobaki nacho hakikukaa. Baada ya miaka miwili alikuwa na uwezo wa kujua dirisha liko upande gani wa chumba, basi. Na mwaka huohuo ofisini waliuondoa mtambo wa zamani, wakafunga mwingine unaojibu wenyewe, wenye sauti ya mwanamke aliyerekodiwa sijui wapi, kavu kama biskuti. Kazi ambayo Sauti angeweza kuifanya amefumba macho ndiyo waliyoifuta. Walimwandalia soda na keki, wakampa saa ya ukutani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila yule aliyechagua zawadi hakufikiri.

Nyumbani hakukuwa na mtu mchana. Binti yao wa pekee alikuwa shule ya bweni, na mume alitoka asubuhi kwenda karakana na kurudi jioni akinuka chuma kilichoungua. Baada ya Sauti kuunguza mkono kwenye jiko mara mbili ndani ya wiki moja, mume alisafiri, akarudi na mama yake.

Hapo lazima nieleze jambo moja. Sauti na mama mkwe wake hawakuwahi kugombana, na hawakuwahi kupatana. Siku Sauti alipotambulishwa, mama alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia mwanawe mbele ya watu, "Kwa hiyo umeniletea mwanamke anayeongea na waya kutwa." Watu walicheka. Sauti alicheka pia, lakini maneno yale aliyaweka moyoni, na kila walipokutana kwa miaka kumi na tisa aliyatoa akayatazama tena. Walisalimiana vizuri. Shikamoo mama, marahaba, hamjambo huko. Baada ya hapo kila mmoja akatafuta cha kufanya.

Sasa walibaki wawili ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, kuanzia asubuhi hadi jioni.

Zamani, siku zake za mapumziko, Sauti alikuwa akitengeneza hereni na bangili kwa shanga ndogondogo za kioo, zile za ukubwa wa mbegu ya ufuta. Lilikuwa pumziko lake baada ya kelele za wiki nzima. Asubuhi moja aliamua kujaribu. Alikaa mezani, akafungua boksi lake, akashika sindano. Alitafuta tundu la shanga ya kwanza kwa muda mrefu sana. Alipolipata, uzi ulikuwa umechomoka kwenye sindano. Akajaribu tena. Kiwiko kikagonga boksi, na shanga zote zikamwagika kwenye saruji kwa mlio kama wa mvua inayoanza juu ya bati.

Hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya meza. Akamsikia mama mkwe akipiga magoti, akizikusanya kwa ufagio na viganja, muda mrefu, bila neno. Kisha akasikia kiti kikiburutwa, na kisu kikikata kamba.

"Mama, unafanya nini?"

"Nateremsha pazia langu."

Kwenye mlango wa jikoni kulikuwa na pazia la shanga za mbao, nyuzi sitini, zawadi ya harusi kutoka kwa mama mwenyewe. Aliyatunga mapazia ya namna hiyo maisha yake yote ya ujana, akiyauza. Shanga zake zilikuwa nene kama punje za mahindi, nyingine kubwa kama karanga za maganda, nyingine zimepakwa rangi na nyingine za mbao tupu.

"Usilikate, mama. Hilo ni zawadi yako."

"Si unalichukia?"

"Nani kakwambia?"

"Miaka kumi na tisa unapita mlango huo umeinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Hizo zako za kioo ni za watu wenye macho. Hizi tundu lake hata kidole cha mtoto kinapita. Tunga."

Ndivyo walivyoanza.

Haikuwa rahisi kama mama alivyosema. Shanga iliyotengenezwa kuning'inia mlangoni si shanga ya kuvaa shingoni. Ni nzito, kingo zake zinakwaruza ngozi, na tundu lake ni pana mno kiasi kwamba fundo la kawaida linapita moja kwa moja. Sauti alizisugua kwa msasa, moja moja, akizijaribu kwenye upande wa ndani wa mkono, penye ngozi laini. Alizipaka nta ya mshumaa na kuzipangusa kwa kitambaa cha pamba hadi zikateleza. Uzi wa nailoni ulikataa kushika fundo, akauacha. Mume akamletea uzi wa fundi viatu, ule uliopakwa nta, na huo ukakubali. Kwa kila shanga kubwa aliweka ndogo mbili kuziba tundu huku na huku, na baina yake akapiga fundo, ili siku mkufu ukikatika idondoke shanga moja, si zote. Mikufu ya kwanza ilikuwa mirefu mno. Ya pili ilikuwa mizito kiasi kwamba mume, alipoombwa kuijaribu, alisema sasa anaelewa ng'ombe anavyojisikia.

Mama ndiye aliyekuwa macho ya Sauti. Walichukua trei za mayai, kila shimo na aina yake, na mama akawa anataja. "Hii ya mbao tupu. Hii nyekundu, nyekundu ya tofali, si ya damu. Hii bluu. Hii nayo bluu." Sauti aliweka kila moja mahali pake na kuhesabu mashimo kwa vidole. Mwanzoni walitunga za mbao tupu peke yake, kwa sababu ndizo zilizokuwa nyingi, na majirani walizipenda. Muuza magazeti wa kona alichukua mkufu mmoja kwa ajili ya mke wake. Mhudumu wa zahanati akachukua miwili.

Na wakawa wanazungumza. Mikono ikiwa na kazi, mdomo haujilindi sana. Mama alisimulia jinsi alivyofiwa na mume akiwa na mimba ya miezi sita, na jinsi alivyotunga mapazia usiku na mchana ili huyo mtoto wa tumboni avae viatu. Sauti alisimulia kuhusu mzee mmoja aliyekuwa akipiga simu ofisini kila Jumatatu kumwulizia mtumishi aliyekwisha kufa, na jinsi alivyoshindwa kumwambia kwa wiki sita. "Ukamwambia?" mama aliuliza. "Nilimwambia. Akasema alikuwa anajua, alipenda tu kuuliza." Mama akasema, "Kumbe waya nao una watu." Siku hiyo Sauti alikula vizuri.

Miezi minane baadaye alikuja mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu wa maneno machache, akaagiza mikufu kumi na minne kwa ajili ya waimbaji wake. Alitaka bluu na nyeupe, ifanane na sare zao. Ilikuwa oda yao kubwa ya kwanza, na ya kwanza ya rangi. Walifanya kazi wiki tatu. Mama alitaja, Sauti akatunga. Alifunga kila mkufu ndani ya karatasi laini, akaiweka yote kwenye boksi la viatu.

Mwalimu alipokuja kuchukua, Sauti aliisikia karatasi ya kwanza ikifunguliwa. Ya pili. Ya tatu. Kisha kimya. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza anajua kimya cha kuridhika na kimya cha mtu anayetafuta maneno.

"Kuna tatizo, mwalimu?"

"Kazi ni nzuri," mwalimu alisema polepole. "Mafundo yako ni mazuri sana. Lakini mama Sauti... humu kuna za kijani. Nyingi tu. Na hizi nyeupe, karibu nusu ni za njano."

Sauti alihisi uso ukipata moto. Aliomba radhi, akaomba wiki mbili. Mwalimu alikubali bila kuinua sauti, na upole wake ndio uliouma zaidi.

Mlango ulipofungwa, Sauti aligeukia upande alikojua mama amekaa. "Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kijani na bluu mtoto wa chekechea anazijua. Umenichezea. Umenikalisha hapa wiki tatu natunga aibu yangu mwenyewe. Kama hukuwahi kunitaka ungesema tu, nilikuwa nimeshazoea."

Alisubiri mama ajibu kwa ukali. Angefurahi kujibiwa kwa ukali. Lakini alisikia tu viatu vya plastiki vikiburutwa taratibu kwenda chumba cha nyuma, na kitanda kikilia.

Jioni ile mume alikula katikati ya wanawake wawili wasiosemezana, akauliza kama kuna msiba, asijibiwe.

Asubuhi, mume alipokwisha kuondoka, mama alikuja jikoni kumimina chai kama kawaida. Sauti alikuwa ameketi mezani. Aliisikia chai ikiingia kikombeni, ikasita, ikaingia tena, ikasita, na safari hii ikafuata pumzi fupi, ile ya mtu anayezuia kusema "aah." Kikombe kiliwekwa mbele yake. Alinyoosha mkono kukipokea, na badala ya kikombe akaushika mkono wa mama. Mama alitaka kuuondoa. Sauti hakuuachia.

Kidole cha shahada kilikuwa kimelowa na cha moto. Nchani ngozi ilikuwa imebambuka, ikaota, ikabambuka tena. Sauti alikijua kidole kile. Na yeye alikuwa nacho, mkono uleule, kidole kilekile. Ni kidole cha mtu anayekitumbukiza ndani ya kikombe ajue chai imefika wapi.

"Mama," alisema. "Tangu lini?"

Mama alivuta kiti, akakaa.

"Tangu kabla sijaja. Mwanzo ilikuwa kama kuna vumbi kwenye kioo. Nikawa nafikicha. Sasa ni ukungu. Watu nawaona kama nguo zilizoanikwa. Rangi nazikisia. Nyekundu bado ipo. Hizo nyingine..." Hakumaliza.

"Mbona hukusema?"

"Mwanangu alikuja amekonda, akaniambia, mama, njoo uwe macho ya mke wangu. Ningemwambiaje kwamba macho yenyewe hakuna? Angeniacha kule, na wewe ungebaki hapa unaungua peke yako. Nikasema nitakwenda, nitajua mbele ya safari." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Sikukuchezea. Nilizitaja kama nilivyoziona."

Sauti alikumbuka mama alivyopiga magoti kukusanya shanga za kioo kwa viganja muda mrefu vile, na akaelewa kwa nini ulikuwa muda mrefu. Alitaka kusema neno la msamaha lakini kila alilolipata lilikuwa dogo. Akasema, "Kwa hiyo miezi minane vipofu wawili tunaongozana."

"Mmoja na nusu," mama alisema.

Wakaanza kucheka, kicheko kibaya cha kuumiza mbavu, na katikati yake mmoja wao alikuwa akilia. Sauti mwenyewe hasemi ni nani.

Mikufu ya kwaya waliifumua yote. Jumapili mume alikaa uani penye mwanga, akatenganisha rangi, yeye na bakuli sita. Alikuwa mtu wa nyekundu, bluu na basi, kila kingine alikiita "ile nyingine." Lakini kijani na bluu alizitofautisha, na hilo ndilo lililohitajika. Alipoambiwa kuhusu macho ya mama yake, aliendelea kutenganisha shanga bila kuinua kichwa. Baadaye alitoka nje ya geti akasimama huko kitambo. Mikufu kumi na minne ilikamilika siku mbili kabla ya muda, na mwalimu wa kwaya aliichukua, akaagiza hereni.

Kumpeleka mama kwa daktari ndiyo ilikuwa vita. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba huyo, tofauti na ugonjwa wa Sauti, anatolewa. Mama alikataa. Alisema hawezi kulala macho wazi huku mtu anamchokonoa kwa kisu. Alisema ameshazeeka, ataona nini kipya. Mume alibembeleza, binti akapiga simu kutoka shuleni akabembeleza. Mwisho Sauti alimfuata chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, mimi waliniambia hakirudi. Nilirudi nyumbani na hilo neno peke yake. Wewe umeambiwa kinarudi, na unakikataa mbele yangu?"

Mama alijigeuza kitandani. "Utakuja na mimi?"

"Nitakuja."

"Utanisaidia nini, na wewe huoni?"

"Nitakushika mkono. Huo hauhitaji macho."

Walikwenda. Siku ya pili muuguzi alipoondoa bandeji ya jicho la kulia, Sauti alikuwa amekaa palepale, ameshika ule mkono. Alihisi vidole vikikaza. Kisha Sauti akahisi kiganja kingine shavuni kwake, kikipita polepole, kama mtu anayekagua kitambaa.

"Umekonda," mama alisema. "Umekonda hivi, na mimi nipo nyumbani kila siku, sikuona."

Njia nzima ya kurudi hakuuachia mkono.

Waliporudi, kitu cha kwanza alichofanya mama ni kuitoa mikufu iliyobaki kwenye droo na kuipeleka dirishani. "Mungu wangu," akasema. "Mikufu kama hii tumewauzia watu, na wakasema asante?" Aliketi akaifumua mmoja baada ya mwingine, akigomba peke yake, na tangu siku hiyo akawa mkali kuliko mteja yeyote. Alimfundisha Sauti rangi zinavyokaa pamoja, ipi inameza mwenzake, ipi inahitaji nyeupe pembeni ndipo ionekane. Kwenye kila trei alibandika njiti za kiberiti, moja kwa nyekundu, mbili kwa bluu, tatu kwa kijani, ili Sauti asimtegemee mtu kumtajia. "Siku moja sitakuwepo," alisema, kama anayesema sabuni imekwisha.

Waliishi hivyo miaka minne na miezi kadhaa. Hawakugeuka kuwa watu wengine. Mama aliendelea kusema lolote lililomjia mdomoni, na Sauti aliendelea kuchukia kuhamishiwa vitu vyake. Lakini walikuwa na meza moja, na majirani waliopita dirishani waliwasikia wakibishana kuhusu urefu wa hereni kama mtu na dada yake.

Kilichomchukua mama ni kiharusi, alasiri moja ya kawaida. Alikuwa akichagua shanga. Sauti alisikia moja ikidondoka, ikabingirika, na hakusikia mama akiinama. Aliita. Akaita tena. Alizunguka meza akamkuta ameegemea ukuta, bado ana joto. Jirani alikimbia kutafuta gari, lakini njiani kwenda hospitali, kichwa cha mama kikiwa mapajani mwake, Sauti alijua kabla ya mtu yeyote kumwambia, kwa sababu alikuwa akiisikiliza pumzi.

Wanawake waliokuja kumwosha marehemu walimwuliza Sauti kama anataka kusubiri nje. Alikataa. Aliomba kuosha mikono, na wakamwachia. Aliiosha kidole kwa kidole. Pale nchani palipokuwa pakibambuka palikuwa pamepona zamani, ngozi laini tu, na hapo akaosha mara ya pili.

Miezi miwili hakugusa kazi. Mume hakumsukuma. Jioni alikaa naye kibarazani wakisikiliza redio, na mara nyingine aliizima katikati ya habari bila sababu. Wiki ya tisa mhudumu wa zahanati alikuja na mgonjwa wake, mama wa makamo aliyekuwa mshona sare na sasa presha ya macho imemfikisha mahali haoni sindano. Yule mama alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Alisema hakuja kununua kitu, ameambiwa tu aje, hata hajui kwa nini.

"Mikono yako ikoje?" Sauti aliuliza.

"Mikono ni mizima."

"Nipe niione."

Aliishika, akaipapasa vidole, akakuta mashimo madogo ya sindano ya miaka mingi. Akamwambia asogeze kiti karibu na meza. Chumba cha nyuma sasa ndicho wanachofanyia kazi; mume alitoa kitanda, akachomelea rafu za chuma ukutani kwa ajili ya trei. Binti, aliyeanza chuo, humtaka mama yake apumzike, na kila akipiga simu jibu huwa lilelile: Alhamisi kuna mikufu tisa ya kupeleka, na yule mshona sare bado anapiga mafundo yaliyolegea.